Ufunguo wa Fundi



Wiki chache zilizopita nilikuwa Brussels, Ubelgiji, katika mtaa ambao wenyeji huuita kwa Kifaransa Quartier européen, yaani Mtaa wa Ulaya. Ni mtaa mdogo. Ukianzia mzunguko wa Schuman, ukateremka na Rue de la Loi hadi kituo cha Maelbeek, kisha ukapandisha kwenye Bunge la Ulaya na kutokea uwanja wa Luxembourg, saa moja haitaisha. Ndani ya saa hiyo utakuwa umepita mbele ya milango ambayo nyuma yake huamuliwa mambo ya nchi 27, na mengi yanayotugusa sisi: masharti ya samaki wa Ziwa Viktoria kuingia soko la Ulaya, posho za wanajeshi wa Afrika waliopelekwa Somalia, fedha za kulinda mipaka ya Pembe ya Afrika.

Nilikuwa na miadi katika moja ya majengo hayo. Mlangoni nilipanga foleni, nikavua mkanda, nikaweka simu na saa kwenye sinia ya plastiki, nikapita chini ya mtambo. Nikiwa nasubiri kitambulisho cha mgeni, simu ikalia, nikaipokea kwa Kiswahili. Kijana mmoja mlinzi, amevaa suti nyeusi na waya wa redio sikioni, akaniangalia kisha akatabasamu.

"Papa, munatoka Kenya ao Tanzania?"

Mtu wa Bukavu, Kongo. Nikamuuliza anafanya kazi na nani, akaniambia yeye si mtumishi wa Umoja wa Ulaya, ni wa kampuni ya ulinzi yenye kandarasi. Zabuni ikihama, alisema, sare inabadilika na jina la kwenye beji linabadilika, yeye anabaki mlango uleule. Nikamtania, nikasema basi wewe unajua siri zote za humu. Akatikisa kichwa, uso haukucheka.

"Miye naangaliaka mulango tu. Mambo ya ndani iko na benyewe."

Maneno hayo nilipanda nayo ngazi, nikarudi nayo nyumbani, na ndiyo yaliyonileta mbele yako leo. Maana mlinzi wa mlangoni tunamwona. Yupo mwingine wa usalama ambaye hatumwoni: mshauri. Ni mtu au kampuni inayolipwa na idara ya serikali ije ikague milango, kamera, mitambo ya simu, kompyuta, mipaka, kisha iandike ripoti kwamba hapa pana tundu, ziba hivi, nunua mtambo ule, wafundishe askari wako namna hii. Huyo hakai mlangoni. Huyo anaingia hadi chumba cha ndani, anafunguliwa kabati, anaonyeshwa nyaya. Na akimaliza kazi anaondoka na kile alichokijua.

Katika Mtaa wa Ulaya lipo jengo linaloweza kutufundisha jambo hili kuliko kitabu. Linaitwa Justus Lipsius, liko Rue de la Loi, linatazamana na makao ya Tume ya Ulaya. Lilizinduliwa mwaka 1995 kuwa nyumba ya Baraza la Umoja wa Ulaya, mahali mawaziri wa nchi wanachama walipokuwa wakikutana kubishana na kukubaliana. Jina hilo ni la msomi wa karne ya 16, nalo lilikuwa jina la mtaa uliobomolewa ili jengo lipate nafasi.

Mwishoni mwa Februari 2003, mafundi wa Baraza walikuta humo kitu ambacho hakikuwa kwenye ramani yoyote. Vilikuwa vifaa vya kunasia mazungumzo, vimeunganishwa na nyaya zinazohudumia vyumba vya wajumbe wa nchi kadhaa, zikiwamo Ufaransa, Ujerumani na Uingereza. Habari ilitoka katika gazeti la Le Figaro tarehe 19 Machi. Kumbuka siku zile, msikilizaji. Ulimwengu ulikuwa kwenye mkesha wa vita vya Iraq, Ulaya imegawanyika vipande viwili juu ya vita hivyo, na kesho yake viongozi wake walikuwa wakutane Brussels.

Lakini kilichonishughulisha mimi si nani alikuwa akisikiliza. Kilichonishughulisha ni mahali vifaa vilipokutwa. Havikuwa chini ya meza, wala nyuma ya picha ukutani. Vilikuwa ndani ya jengo lenyewe, na waliovichunguza waliamini viliwekwa wakati kuta zinajengwa, katikati ya miaka ya 1990. Fikiria maana yake. Siku waziri wa kwanza anaingia ukumbini, mapazia mapya, viti bado vinanuka ngozi, walinzi wamesimama wima mlangoni, sikio lilikuwa limekwisha kuwamo ukutani likimngojea. Kwa miaka minane hivi kila mgeni alivua mkanda na kupita chini ya mtambo, na adui hakupita mlangoni hata mara moja. Aliingia na saruji.

Ubelgiji ilifungua uchunguzi. Miaka ikapita, na hakuna aliyetiwa hatiani.

Ungedhani baada ya hapo jengo lile limetulia. Juni 2013, jarida la Der Spiegel la Ujerumani, likitumia nyaraka alizotoa Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi za ujasusi wa Marekani, liliandika jinsi Marekani ilivyokuwa ikizipeleleza ofisi za Umoja wa Ulaya. Katika habari hiyo kulikuwa na kisa kidogo cha Justus Lipsius, na hicho ndicho ninachotaka ukishike. Miaka kadhaa nyuma, maofisa wa usalama wa Ulaya walikuwa wameona simu zinazopigwa na kukatika, zinapigwa na kukatika, zote zikielekea namba fulani ndani ya jengo. Namba yenyewe haikuwa ya waziri. Ilikuwa njia ya matengenezo: mlango wa pembeni wa mtambo wa simu, ambao fundi hutumia kuingia akiwa mbali ili arekebishe kasoro bila kufunga safari. Walipofuata nyayo, jarida liliandika, zikawafikisha kwenye eneo la makao makuu ya NATO kule Evere, pembeni mwa Brussels hiyohiyo.

Mlango wa fundi! Mara ya kwanza fundi wa ujenzi, mara ya pili njia ya fundi wa simu. Sisi tunalijua jambo hili majumbani mwetu. Ukijenga nyumba Mbagala au Kisauni, anayejua bomba linapita wapi, dirisha gani lina komeo bovu, na ukuta upi ni mwembamba, si jirani yako. Ni fundi wako. Wala simwiti fundi mwizi, mafundi wengi ni waaminifu na wametujengea miji. Nasema tu kwamba uaminifu wake ni wake, hauwezi kuwa ndiyo kufuli yako. Akiondoka, lazima pawepo mtu wa nyumbani anayeijua nyumba kama yeye, anayeweza kupitisha mkono ukutani na kusema: hiki hatukukiagiza.

Na ukirudi kwenye kisa cha 2003 utaona kwamba waliogundua walikuwa mafundi wa Baraza lenyewe. Watu wa nyumbani, mishahara ya nyumbani.

Sitaki nikupe picha ya upande mmoja. Jicho la nje lina kazi yake. Desemba 2018 gazeti la New York Times liliandika kwamba wadukuzi walikuwa wamechota kwa miaka barua za kidiplomasia za Umoja wa Ulaya, maelfu yake, kwa kupitia mfumo wa Kupro. Aliyegundua alikuwa nani? Kampuni binafsi ya usalama wa kompyuta ya Marekani, Area 1. Wenye nyumba walikuwa wamelala, mpita njia akaona moshi. Kwa hiyo anayesema serikali isiwaite wataalamu wa nje kabisa, hajui kazi hii ilivyo. Hakuna idara duniani yenye ujuzi wote chini ya paa lake.

Hatari huanza pale idara inapozoea. Mwaka 2022 Mahakama ya Ukaguzi wa Hesabu ya Ulaya ilitoa ripoti juu ya washauri wa nje wa Tume ya Ulaya, washauri wa kila aina, si wa usalama pekee. Katika miaka minne, 2017 hadi 2020, Tume ilitia saini mikataba ya huduma hizo yenye thamani ya takriban yuro bilioni 2.7. Wakaguzi walionya juu ya mambo ambayo hata mwenye duka la rejareja angeyaona: hatari ya kutegemea mno watoa huduma wachache, na hatari ya mgongano wa maslahi, mshauri yuleyule kuishauri Tume huku akiwahudumia watu wanaoguswa na maamuzi yake. Ikiwa hivyo ndivyo katika mtaa wenye wakaguzi, wabunge na waandishi wa habari kila kona, jiulize kwetu.

Kwetu tuna kisa chetu. Januari 2012 makao mapya ya Umoja wa Afrika yalizinduliwa Addis Ababa, mnara wa urefu wa mita 100 hivi, zawadi ya China, gharama yake dola milioni 200. Ulijengwa na kampuni ya China na mitambo yake ya mawasiliano ikaja na jengo. Miaka sita baadaye, Januari 2018, gazeti la Le Monde la Ufaransa likaandika kwamba kila usiku, kati ya saa sita na saa nane, wakati ofisi ni tupu na taa zimezimwa, seva za jengo zilikuwa na shughuli nyingi isiyo na sababu. Data za ndani, liliandika gazeti, zilikuwa zikisafiri kwenda Shanghai. Mambo hayo yalidumu tangu 2012 hadi mafundi wa Umoja walipoyagundua, Januari 2017. China ilikanusha, ikasema ni upuuzi. Uongozi wa Umoja wa Afrika nao ukakanusha.

Nimeisoma habari ile mara kadhaa, na kila mara nasimama kwenye jambo moja ambalo watu hulipita. Kwa mujibu wa gazeti hilo, baada ya ugunduzi Umoja ulinunua seva zake wenyewe, ukaikatalia China iliyojitolea kuziweka, kisha wakaitwa wataalamu wanne kutoka Algeria. Wakishirikiana na wenzao wa Ethiopia, walipita chumba hadi chumba. Wakakuta vinasa sauti chini ya meza na kutani. Hao nao ni washauri wa usalama, msikilizaji. Waafrika, wamekuja kuikagua nyumba ya Afrika. Nani amewahi kuwataja? Tulibishana miezi kama China ilisikiliza au haikusikiliza, na wale wanne waliopiga magoti kuchungulia chini ya meza hatukuwauliza swali hata moja: mlisomea wapi, mko wangapi, na itachukua miaka mingapi kuwapata wenzenu hamsini?

Sasa turudi Brussels, kwa sababu Mtaa wa Ulaya haununui ushauri kwa ajili ya milango yake tu. Unalipia pia ushauri unaokuja kwetu.

Novemba 2015, kule Valletta, Malta, viongozi wa Ulaya na Afrika walizindua mfuko wa dharura kwa ajili ya Afrika, lengo lake likiwa kushughulikia vyanzo vya uhamiaji. Kwa miaka iliyofuata mfuko huo uligharimia mamia ya miradi, na katika hiyo ilikuwamo ya kufundisha polisi, kuimarisha vituo vya mipakani, kuandikisha watu kwa alama za vidole. Katika Pembe ya Afrika ulikuwapo mpango wa kusimamia uhamiaji uliozihusisha Kenya, Uganda, Ethiopia, Somalia, Sudan, Sudan Kusini, Eritrea na Jibuti. Anayetekeleza si lazima awe serikali. Mara nyingi ni shirika au kampuni ya ushauri. Ufaransa, kwa mfano, ina kampuni iitwayo Civipol, inayofanya kazi za wizara yake ya mambo ya ndani nchi za nje, na katika wenye hisa zake wamo watengenezaji wakubwa wa silaha na mitambo ya ulinzi. Kampuni hiyo ndiyo iliyopewa kusimamisha kituo cha kikanda cha kubadilishana taarifa za polisi, na kituo kikawekwa Khartoum.

Khartoum ya Omar al-Bashir. Taarifa za wasafiri na wakimbizi, wengine wakikimbia dola zilezile za kanda hiyo, zikusanywe mahali polisi wa serikali ile wapo. Shughuli zake zilisimamishwa mwaka 2019, mwaka ambao wananchi wa Sudan walimwangusha Bashir na vijana waliopiga kambi mbele ya makao ya jeshi wakapigwa risasi Juni. Ilibidi damu imwagike hadharani ndipo mkataba utazamwe upya.

Mashirika ya haki za binadamu yakiongozwa na Privacy International yalipeleka malalamiko kwa Mchunguzi wa Malalamiko wa Ulaya wa wakati huo, Emily O'Reilly. Alitoa uamuzi wake Novemba 2022. Hakusema Tume ilikusudia mabaya. Alisema Tume haikuweza kuonyesha kwamba ilikuwa na utaratibu thabiti wa kupima athari za miradi hiyo kwa haki za binadamu, na akapendekeza kwamba pale mradi unapohusu uwezo wa kufuatilia watu, athari zipimwe kabla ya kuanza. Kabla! Neno dogo, na ndilo lenye uzito wote. Mtambo wa kusoma vidole ukishafungwa mpakani, na ofisa akishazoea kuutumia, hakuna ripoti itakayouondoa.

Kinachonisikitisha ni kwamba malalamiko hayo yaliandikwa Ulaya, yakajibiwa Ulaya, kwa niaba ya watu wa mipakani kwetu, wa Moyale na Kassala. Mabunge yetu yalikuwa wapi? Mbunge gani alisimama akauliza: huyu mshauri anayewafundisha maofisa wetu wa uhamiaji ameajiriwa na nani, anaripoti kwa nani, na nakala ya anachokiona inakwenda wapi?

Najua jibu ambalo angepewa. Angeambiwa, mheshimiwa, hayo ni mambo ya usalama wa taifa. Jibu hilo Wakenya wamelilipia. Mikataba ya kashfa iliyoitwa Anglo Leasing ilifichwa nyuma ya maneno hayohayo: mikataba 18 ya usalama, maabara ya uchunguzi ya polisi, mtambo wa pasipoti. Kazi ya pasipoti ambayo kampuni moja ya Ufaransa ilikuwa imeitajia yuro milioni 6 ikaandikiwa mkataba wa yuro milioni 30. John Githongo, aliyekuwa ofisa wa serikali wa kupambana na rushwa, alipoifuatilia mikataba hiyo mwaka 2004 aliishia kukimbilia Uingereza. Na miaka kumi baadaye, Mei 2014, hazina ya Kenya ilitoa shilingi bilioni 1.4 kuwalipa wadai wa baadhi ya mikataba hiyo. Bilioni moja na nukta nne, kwa siri ambayo haikumlinda Mkenya hata mmoja.

Kwa hiyo mimi siombi siri zote ziwekwe sokoni. Ramani ya nyaya za ikulu si ya kutangazwa redioni. Lakini jina la mshauri, bei yake, muda wake, na nani ndani ya idara anakagua kazi yake, hivyo havimsaidii adui yeyote. Na mkataba wenyewe useme wazi siku ambayo mlango wa matengenezo utafungwa, nani ataufunga, na kijana gani wa Dodoma, Nairobi au Kampala atakuwa amekaa ubavuni mwa mshauri tangu siku ya kwanza akijifunza, ili siku hiyo ikifika asibaki anatazama taa za seva zikimetameta asijue zinasema nini.

Jioni ile, baada ya miadi yangu, nilikutana na yule kijana wa Bukavu. Kutoka Bunge la Ulaya hadi Matonge, mtaa wa Wakongo kule Ixelles, ni mwendo wa dakika kama kumi kwa miguu. Tuliingia mkahawa mdogo, tukaletewa sombe na samaki na ugali wa muhogo, na pembeni yetu wazee wawili wakibishana Kilingala kwa sauti ya juu. Nikamuuliza zamu yake huishaje.

Akaweka kijiko chini, akanionyesha kwa mikono. Kwanza unarudisha redio, alisema, wanaangalia namba yake. Halafu beji. Halafu pete ya funguo: mwenzako anazihesabu moja moja mbele yako, kila moja ina kibati chenye tarakimu, anaandika kwenye daftari, unatia saini, naye anatia saini. Kuna usiku mmoja ufunguo mmoja ulipungua. Wa chumba cha mafagio tu, alisema, chumba cha ndoo na sabuni. Zamu nzima ilibaki pale, watu saba wamevaa makoti yao, treni za mwisho zinapita, hakuna aliyeruhusiwa kutoka mpaka ulipopatikana mfukoni mwa mwenzao aliyekuwa amesahau.

"Ya chumba cha mafagio?" nikamuuliza.

"Hata hiyo," akasema, akavuta sahani ya samaki.